Yowe Lenye Adabu

Mtu yeyote anaweza kupiga yowe. Mtoto anapiga, aliyebanwa kidole na mlango anapiga, shabiki wa mpira anapiga mpaka koo linakauka. Kulipiga ndani ya wimbo ni kazi nyingine kabisa. Yowe liangukie palepale linapotakiwa, liwe na noti yake, lisiifunike bendi, na likiisha mwimbaji abaki na pumzi ya kumalizia mstari na kuanza ubeti unaofuata. Charles Bradley wa Brooklyn, New York, alikuwa fundi wa kazi hiyo, na dunia ilichelewa sana kumjua. Albamu yake ya kwanza, No Time for Dreaming, ilitoka Januari 2011, naye ana miaka 62. Alifariki Septemba 2017. Katikati hapo alitoa albamu tatu, akapanda majukwaa ya Marekani na Ulaya, na akajulikana kwa jina la Tai wa Soul Apigaye Mayowe.

Habari zake zinaposimuliwa, kinachotangulia huwa ni taabu. Taabu zilikuwepo kweli, na nitazitaja. Ila kadiri ninavyozidi kumsikiliza ndivyo ninavyozidi kusikia ufundi, na inaniuma kuona ufundi huo ukiwekwa nyuma, watu wakisema ati maisha magumu ndiyo yaliyoimba. Maisha magumu hayaimbi. Yangekuwa yanaimba, kila uchochoro wa Brooklyn ungekuwa na Bradley wake. Aliyeimba ni mtu aliyejifunza, aliyekosea akarudia, aliyefanya mazoezi kwa karibu miaka 50 huku akila kwa kazi nyingine.

Alizaliwa Novemba 1948 huko Gainesville, Florida, akalelewa na bibi yake mzaa mama. Alipofika miaka minane mama yake akaja kumchukua, wakahamia Brooklyn. Mwaka 1962 dada yake alimpeleka ukumbi wa Apollo, Harlem, kumwona James Brown, na hapo ndipo uanagenzi wake ulipoanza.

Inafaa kukumbuka kijana yule alikuwa anatazama nini. James Brown wa 1962 alikuwa ameshaufanya muziki wa soul kuwa kazi ya nidhamu kali. Bendi yake ilimfuata kwa ishara ya mkono, na mwanamuziki aliyekosea noti alitozwa faini. Kila kilichoonekana kuwa ni mtu kushikwa na hisia, kuanguka magoti, kufunikwa joho begani, kulitupa na kurudi tena kwenye maiki akilia, kilikuwa kimepimwa na kurudiwa mpaka kikakaa sawa. Oktoba mwaka huohuo Brown alirekodi palepale Apollo, kwa gharama zake mwenyewe, albamu ambayo mpaka leo wanamuziki wanaisikiliza wakitaka kujua namna mwimbaji anavyouchukua ukumbi mzima mkononi.

Bradley aliporudi nyumbani alichukua fimbo ya ufagio, akaifunga kamba, ikawa ndiyo maiki yake. Mimi navutiwa hasa na ile kamba. Mtoto anayejifanya mwimbaji tu angeridhika na fimbo. Huyu alikuwa ameona kwamba siri ya mchezo wa Brown imo kwenye waya: stendi ya maiki inasukumwa mbele kama inaachwa ianguke, mguu unaibana chini, mkono unavuta waya, stendi inarudi wima, na mdomo uwe umeshafika pale kabla ya neno la kwanza la mstari. Ukichelewa nukta moja, neno limepotea. Ukiwahi, umepigwa na chuma kwenye meno. Alijifunza hayo bila waya, bila stendi, bila mwalimu. Watu waliokuja kumwona jukwaani miaka ya 2010 walishangaa mzee wa miaka 60 na zaidi anavyoitupa stendi na kuivuta bila hata kuitazama. Mkono ule ulikuwa umezoea tangu enzi za ufagio.

Akiwa na miaka 14 alitoroka nyumbani kwa sababu ya hali ya pale, chumba chake kikiwa chini ya nyumba penye sakafu ya udongo, akawa analala kwenye treni za chini ya ardhi. Baadaye aliingia Job Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafundisha vijana kazi, akapelekwa Bar Harbor, jimbo la Maine, kusomea upishi. Mwenzake kazini akamwambia anafanana na James Brown, je, anaweza kuimba? Kwanza aliona haya, halafu akakubali kwamba anaweza. Ikaundwa bendi, wakapiga maonyesho matano au sita, kisha wenzake wakachukuliwa kwenda vita vya Vietnam na mambo yakaishia hapo. Yeye akabaki na sufuria. Kwa miaka kama kumi alipika katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Wassaic, kaskazini mwa jiji la New York, akilisha maelfu ya watu kwa siku. Kisha akafunga safari kuelekea magharibi kwa kuomba lifti barabarani. Akazunguka mpaka Alaska, akakaa miaka mingi California, anapika, anafanya vibarua, na akipata nafasi ya kuimba usiku mahali fulani haiachi.

Katikati ya miaka ya 1990 mama yake alimwomba arudi Brooklyn, naye akarudi. Hapo ndipo alipoanza kujipatia riziki kidogo kwa jina la Black Velvet, akimwigiza James Brown kwenye vilabu vidogo: wigi, joho, mavazi ya kumetameta, kila kitu.

Wapo wanaoipita sehemu hii haraka kwa sababu wanaona kuigiza ni kazi ya chini. Mimi nasimama hapa. Anayemwigiza James Brown mbele ya watu wanaomjua James Brown hana pa kujificha. Wanajua kila kipande cha kila wimbo, wanajua yowe linaingia wapi na linapanda kiasi gani. Akikosea wanacheka. Na analazimika kuirudia kazi hiyo usiku hadi usiku, koo likiwa na mafua au halina, ukumbi ukiwa umejaa au kuna walevi wanne. Huko ndiko mtu anakojua mwili wake unaweza nini. Sauti ya mkwaruzo, ile inayosikika kana kwamba koo linapasuliwa, ni hatari kwa asiyeijua. Akiisukuma kwa koo tupu, wiki haiishi sauti imekufa. Waimbaji wanaoiweza huiegemeza pumzi chini, tumboni, wakaacha nyama zilizo juu ya nyuzi za sauti zitetemeke na kukwaruza huku nyuzi zenyewe zikiendelea kutoa noti safi. Ndiyo maana yowe la Bradley, ukilisikiliza vizuri, lina noti ndani yake. Mpiga kinanda anaweza kuitafuta na kuipata.

Hasara ya kuigiza ni kwamba mtu anaweza kufika uzeeni akiwa na ustadi wote na hana sauti yake. Bradley alikuwa amekaribia sana hatari hiyo. Watu wa Brooklyn walimpenda kama Black Velvet. Hakuna aliyekuwa anamwomba awe Charles.

Aliyemwona kwa jicho jingine ni Gabriel Roth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Daptone, alipomkuta akifanya onyesho lake katika klabu ya Tar Heel Lounge, mtaa wa Bedford-Stuyvesant. Daptone nayo yahitaji maneno machache, kwa sababu bila kampuni ile pengine Bradley asingerekodi kabisa. Roth na mpiga saksafoni Neal Sugarman waliianzisha mwaka 2001, na makao yake yakawa nyumba ya kawaida katika barabara ya Troutman, mtaa wa Bushwick, ambayo wanamuziki wenyewe waliigeuza studio kwa mikono yao. Sharon Jones, mwimbaji wao mkubwa, alishiriki kutandaza nyaya za umeme. Naye alikuwa ni wa kuchelewa: alifanya kazi ya askari magereza katika gereza la Rikers Island na ya ulinzi wa magari ya fedha, aliwahi kuambiwa na watu wa biashara ya muziki kwamba ni mweusi mno, mnene mno, mfupi mno, na albamu yake ya kwanza ilitoka 2002 akiwa na miaka 46.

Katika nyumba ile walirekodi kwa tepu, mashine ya njia nane. Kwa asiyejua, maana yake ni hii: siku hizi kompyuta inampa mtu njia mia na zaidi, kila chombo na yake, kila kosa likarekebishwa baadaye. Kwa njia nane, drams zote zinaweza kuingia kwa maiki moja au mbili, na ala za kupuliza zote zinasimama kuzunguka maiki moja. Mpiga tarumbeta akitaka asikike kidogo, anarudi nyuma hatua moja. Kilichochanganywa kimechanganywa, hakitenganishwi tena. Kwa hiyo uamuzi unafanyika kabla ya tepu kuzunguka, na kila mtu chumbani lazima awe anaijua sehemu yake na awe anawasikiliza wenzake. Waliovutiwa na ladha hiyo walikuja mpaka kutoka mbali. Bendi ya nyumba hiyo, Dap-Kings, ndiyo unayoisikia katika sehemu kubwa ya Back to Black ya Amy Winehouse, ya mwaka 2006.

Mwaka 2002 Bradley akatoa kwa Daptone santuri ndogo yake ya kwanza akiwa na kundi la Sugarman 3. Kisha Roth akampeleka Staten Island kumkutanisha na kijana mpiga gitaa, Thomas Brenneck, aliyekuwa na bendi yake ya The Bullets. Wakatoa santuri mbili ndogo. Zina moto, zinachezeka, ila anayesikika bado ni mwanafunzi wa James Brown, mahiri kupindukia.

Kilichofuata kilichukua miaka. Brenneck alihamia Bushwick, barabara ya Menahan, na katika fleti yake akaanza kurekodi na wenzake muziki wa taratibu zaidi: Homer Steinweiss kwenye drams, Nick Movshon kwenye besi, Leon Michels kwenye saksafoni na kinanda, Dave Guy kwenye tarumbeta. Wakajiita Menahan Street Band. Walipenda nyimbo za noti za huzuni, mdundo usio na haraka, tarumbeta na saksafoni zikisikika kana kwamba zinatoka chumba cha pili. Kipande chao kimoja Jay-Z alikichukua mwaka 2007 akakijengea wimbo wake Roc Boys, na vijana wakapata nguvu ya kuendelea.

Bradley akawa anakuja pale anasikiliza. Na hapa ndipo mwanafunzi wa James Brown alipoishiwa na mahali pa kukimbilia. Mdundo wa Brown unamruhusu mwimbaji kucheza, kurusha neno moja moja, kuacha mwili ufanye kazi. Mdundo wa wale vijana ulikuwa wa polepole na ulikuwa na nafasi, na nafasi inamtaka mwimbaji awe na la kusema. Siku moja alimsimulia Brenneck kifo cha kaka yake Joseph, aliyepigwa risasi na kuuawa na mtu wa ukoo wao wenyewe. Brenneck, ambaye angeweza kuwa mtoto wake, alimsikiliza, akamwambia hayo unayoyasema ndiyo wimbo. Ukaandikwa, ukaitwa Heartaches and Pain.

Namna yao ya kufanya kazi ilitokana na hapo. Bendi inapiga, Bradley anazungumza juu ya muziki, anaimba lolote linalokuja, Brenneck anachagua mistari na kuipanga. Bradley hakuwa amepata shule ya kutosha, na kusoma kulimpa tabu. Filamu ya maisha yake iliyoongozwa na Poull Brien na kuonyeshwa 2012 inamwonyesha, mtu mzima kabisa, akiwa na mwalimu wake wa kusoma. Naona ugumu huo uliingia kwenye sanaa yake kwa njia ya heri. Maneno yake hayakupita kwenye karatasi yakapoa. Yalitoka mdomoni yakarudi mdomoni. Hata neno la kawaida kabisa, neno ambalo kwenye karatasi lingeonekana halina kitu, yeye analitamka akijua alilisema lini kwa mara ya kwanza na kwa nini.

Sikiliza Heartaches and Pain, wimbo wa mwisho kwenye albamu ile ya kwanza. Kabla yake wanamuziki wameweka kipande kisicho na mwimbaji kabisa, sikio likapumzika. Halafu anaingia yeye. Anaimba kisa chenyewe kama msimulizi, asubuhi ile, habari ile, hana papara. Yowe lipo kooni, unalisikia linasukuma kila mwisho wa mstari, naye analirudisha chini. Aliyewahi kupikia maelfu ya watu anajua kwamba pilipili haimwagwi chunguni mwanzo. Analiachia linapokuwa halina budi, na hata hapo halimtoki lote. Anapunguza, anakwaruza kidogo, anarudi kwenye neno. Jambo hilo James Brown hakulifanya hivyo. Kwa Brown yowe ni ushindi, linapigwa kuwainua watu vitini. Kwa Bradley linakuja kama kitu alichojaribu kukizuia akashindwa, na ili lisikike hivyo lazima msikilizaji asikie kwanza kule kuzuia. Kuzuia ndiko kugumu. Kunataka mwimbaji anayejua ana akiba kiasi gani.

Bendi nayo inastahili sifa yake. Mpiga gitaa kijana anayempenda mwimbaji anajaribiwa kujaza kila nafasi. Brenneck hajazi. Anapiga noti mbili tatu, anakaa. Tarumbeta na saksafoni zinaingia baada ya mstari, zinajibu, zinatoka, desturi ile ya kuitika iliyotoka makanisani na kwenye blues, ambako sauti moja inalalamika na nyingine inakubali. Steinweiss anapiga drams kwa mkono mwepesi, akichelewa kidogo sana nyuma ya mdundo, na ucheleweshaji ule ndio unaompa Bradley mahali pa kupumulia. Wangekuwa na haraka kidogo tu, mzee angesikika kama anawakimbiza. Hawa walijua kumsubiri.

Watu hulinganisha sauti yake na ya Otis Redding, na mkwaruzo kweli unafanana. Redding alikufa katika ajali ya ndege Desemba 1967 akiwa na miaka 26 tu. Soul tuliyoizoea ni muziki wa vijana: karibu kila santuri kubwa ya miaka ya 1960 iliimbwa na mtu ambaye hajafika miaka 35. Bradley alituletea kitu ambacho santuri zile hazina, soul kamili ya mtu wa miaka 62, yenye nguvu zote za Redding kooni na umri wote usoni. Sauti yake ya chini ilikuwa imekwisha kuwa nene na imechakaa pembeni, na hakuificha. Katika Why Is It So Hard anauliza nchi yake mbona kufanikiwa humo ni kugumu hivi, na swali hilo kijana akiliimba ni malalamiko. Kwa mtu aliyepika, aliyelala kwenye treni, aliyevuka bara zima kwa lifti, aliyepona chupuchupu baada ya dawa ya penisilini kumdhuru mwili, aliyemzika kaka, ni hesabu inayosomwa.

Nikiulizwa wapi ufundi wake ulifika kileleni, nitataja Changes, wimbo uliobeba jina la albamu yake ya tatu, ya 2016. Wenye wimbo ni Black Sabbath, bendi ya roki kutoka Birmingham, Uingereza, waliourekodi mwaka 1972: piano, kinanda cha sauti za nyuzi, mtu anaaga mapenzi yaliyokwisha. Hakuna aliyetazamia soul ndani yake. Bradley aliurekodi na The Budos Band, mdundo ukawa mzito na wa kuburuta, ala za kupuliza zikaingia, na wimbo wa mwanamke aliyeondoka ukageuka, kwa namna anavyouimba tu, kuwa wimbo wa mama. Mama yake, yuleyule aliyemwacha Florida akamfuata na baadaye akamwita arudi, alikuwa amezeeka mikononi mwake, na alifariki kabla albamu haijatoka. Maneno karibu yote ni yaleyale ya Waingereza. Alichobadilisha ni mahali pa kukaza na pa kulegeza. Kwenye kiitikio analivuta lile neno moja, mara linapasuka katikati, mara linatoka zima, mara anaingia nalo akiwa amechelewa mpaka unadhani hataliwahi, na analiwahi. Huwezi kukuta mara mbili zinazofanana. Sikiliza wimbo wote ukifuatilia neno hilo peke yake, utaona ni masomo ya mwaka mzima ya uimbaji.

Mafanikio yalipokuja alikuwa tayari kuyapokea. Bendi yake ya safari iliitwa The Extraordinaires, na kila usiku alibadilisha mavazi katikati ya onyesho, suti za kubana zilizotariziwa, nyingine ikiwa na tai mgongoni. Alipiga magoti, akatupa stendi, akacheza kadiri viungo vyake vilivyomruhusu. Mwishoni alishuka jukwaani akaingia kati ya watu kuwakumbatia, mmoja baada ya mwingine, na waliokuwepo wanasema hakuwa na haraka hata kidogo. Wengine waliona ni huruma ya mzee. Mimi naona ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwimbaji wa soul aliyewatikisa watu namna ile ana deni la kuwarudisha chini taratibu, na yeye alilipa deni hilo kwa mikono yake.

Desemba 2014 Daptone waliwapeleka wasanii wao ukumbi wa Apollo kwa siku tatu, na ukumbi ukajaa zote. Bradley aliimba kwenye jukwaa lilelile alilomwona James Brown miaka 52 nyuma. Onyesho lile lilirekodiwa na limetolewa kwa santuri, na ukilisikiliza utasikia kwamba hakumwigiza mtu yeyote. Mayowe ni ya kwake, na ukumbi unaitika kwa jina lake.

Alipata miaka michache tu. Vuli ya 2016 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa, akarudi jukwaani mwaka uliofuata, kisha ikamrudia na kusambaa. Sharon Jones alikuwa ametangulia Novemba 2016, kwa saratani pia, akiwa na miaka 60. Bradley alifariki tarehe 23 Septemba 2017, miaka 68. Mwaka mmoja baadaye wenzake walikusanya nyimbo zilizobaki wakazitoa kwa jina lake la zamani la vilabuni, Black Velvet. Wimbo wenye jina hilo hauna mwimbaji.

Msomaji anayetaka kuanza, nisingemwanzishia Changes, ingawa ndiyo inayojulikana zaidi, hasa tangu ilipowekwa mwanzoni mwa katuni ya watu wazima Big Mouth. Aanze na The World (Is Going Up in Flames), wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza. Asikilize mara ya kwanza vyovyote anavyopenda. Mara ya pili aache maneno kabisa, afuate pumzi: anavuta wapi, anavuta kiasi gani kabla ya kupanda, na pale anapopiga yowe amebakiza nini. Mara ya tatu afuate drams na besi peke yake, aone wale vijana wanavyomngoja. Baada ya hapo ndipo aende Heartaches and Pain, halafu Changes, kwa mpangilio huo, na kwa spika nzuri ikiwezekana, kwa sababu spika ya simu inaumeza mkwaruzo wote na kuacha kelele tu.